Moluska ni nini?

Moluska ni wanyama wenye mwili laini usio na mfupa hata mmoja. Jina lenyewe latokana na neno la Kilatini mollis, yaani laini. Wengi huanza kwa kutazama gamba, nalo ndilo linalowapoteza. Kaa na kamba wana gamba, ila si moluska: miguu yao ina viungo, na gamba hulivua kila wanapokua. Moluska halivui lake. Mwili wake umefunikwa na joho, ngozi inayotoa chokaa na kuliongeza gamba ukingoni kidogo kidogo. Mistari unayoiona juu ya kombe ni alama za kukua kwake.

Kundi kubwa kuliko yote ni la konokono, wa shambani, mtoni na baharini, pamoja na koa asiye na gamba la nje. Hutambaa kwa mguu mmoja mpana, na wengi hukwangua chakula kwa ulimi wenye vijino kama tupa. Kauri ni wa humu. Magamba yake yalikuwa fedha Buganda, na mpaka leo kwa Kiganda fedha ni ensimbi.

Chaza, kome na kombe wana magamba mawili yaliyoshikana kama mlango na bawaba. Hawana kichwa. Wengi huchuja chakula majini kwa matamvua, hivyo aliyeokotwa kwenye maji machafu huwa amebeba uchafu huo.

Yapo na makundi madogo, kama kitoni wa mwambani mwenye vibamba vinane mgongoni.

Kisha pweza, ngisi na dome, na hapa ndipo watu hubisha: gamba liko wapi? Ule “mfupa” mweupe wa dome unaookotwa ufukweni ndio gamba, limehamia ndani. Ngisi amebakiwa na kijiti chembamba kinachoangaza kama plastiki. Pweza wa miambani amebakiwa na vijiti vidogo mno tu, ndiyo maana hupenya kwenye tundu dogo la mwamba. Ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu kwa sababu ya shaba iliyomo.

Jike la pweza hutaga mara moja tu maishani. Huyalinda mayai tunduni bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Anayemchokoa wakati huo huondoka na kizazi kizima, na ndiyo sababu baadhi ya vijiji vya pwani ya Tanzania hufunga uvuvi wa pweza kwenye sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa.