Mboga za asili, rozela na damu iliyopungua: maswali na majibu

Damu kupungua maana yake nini?
Ni kiwango cha hemoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kushuka, mwili ukakosa hewa ya oksijeni ya kutosha. Kwa mjamzito, chini ya gramu 11 kwa desilita ya damu imepungua. Chini ya 7 ni hatari kwake na kwa mtoto. Hapa Dar es Salaam wahusika wakuu ni lishe duni, malaria na minyoo.

Mboga zipi za asili zinasaidia?
Mnafu, mgagani, majani ya kunde, mchicha, majani ya maboga, kisamvu. Ndizo hizo watu wanazipita sokoni Buguruni wakakimbilia kabichi, ambayo madini chuma yake, yale yanayojenga hemoglobini, ni kidogo kuliko ya majani haya. Ongeza choroko, kunde, mbaazi na dagaa. Ulezi nao umesahaulika mno. Kule Tengeru, Arusha, kituo cha World Vegetable Center kinahifadhi mbegu za mboga za asili za Afrika kwa sababu thamani yake inajulikana. Jikoni kwetu bado tunaziita chakula cha shida.

Basi nikila mchicha kwa wingi damu itapanda?
Haitapanda kwa kasi unayoihitaji. Gramu 100 za mchicha mbichi zina madini chuma miligramu 2 na kidogo. Mjamzito anahitaji kama 27 kwa siku, na yale yaliyomo kwenye majani mwili hunyonya sehemu ndogo tu. Kidonge kimoja cha FEFO, dawa ya madini chuma na asidi ya foliki wanayopewa wajawazito kliniki, kina 60. Mboga inakukinga damu isishuke. Ikishashuka, unahitaji dawa.

Na juisi ya rozela?
Hapana. Wekundu wa rozela ni rangi ya ua, si damu, na sukari mnayomimina humo haiongezi chochote. Tunachokiona kliniki ni hiki: mama anaambiwa damu yake ni 7, anatoka na FEFO mkononi, nyumbani anashauriwa "kunywa rozela kwanza". Vidonge vinakaa kabatini mwezi mzima. Anarudi na 5, anahema akiwa amekaa. Kwa damu ya kiwango hicho, hata kutokwa damu kidogo wakati wa kujifungua kunaweza kumuua. Kunywa rozela ukiipenda, lakini usiingoje ikutibu.

Unga wa mlonge je?
Jibu ni lile lile. Majani yake ni chakula kizuri, ila hayatibu damu iliyopungua. Mizizi na magome usiguse kabisa ukiwa mjamzito.

Dalili zipi zinanitaka niende leo leo?
Viganja, ulimi na ndani ya kope la chini kuwa vyeupe. Moyo kwenda mbio. Kuhema bila kufanya kazi. Kizunguzungu cha kutaka kuanguka. Mtoto mwenye viganja vyeupe asipewe rozela, asipewe bitiruti, asisubirishwe Jumatatu. Mpeleke leo. Huenda ana malaria au selimundu, na pengine anahitaji kuongezewa damu.

Nipike vipi nisipoteze faida?
Osha majani kabla ya kukata, siyo baada. Tumia maji kidogo, funika, dakika 5 hadi 10 zinatosha kwa mchicha na majani ya kunde. Acheni magadi, tafadhali! Yanalainisha mboga na kuua vitamini C, ambayo ndiyo inayosaidia mwili kunyonya madini chuma. Kamulia ndimu ukishaepua. Chai isubiri saa nzima baada ya kula, maana inazuia madini hayo yasinyonywe. Chai ya rangi juu ya ugali na mboga ni kujinyang'anya mwenyewe.

Kisamvu kina utaratibu wake, kwa sababu kina sumu ya sayanaidi: kitwange hadi kilainike, chemsha bila kufunika, mwaga maji ya kwanza, kisha endelea kupika mpaka kiive kabisa.

Ulezi wa uji uloweke usiku kucha, uache uchipue siku mbili, uanike, ndipo usage. Kimea hicho kinapunguza vizuizi vya madini chuma.

Ninatamani udongo. Nile kidogo?
Usile hata kidogo. Unanasa madini chuma tumboni, na unaweza kukuletea minyoo. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua tayari. Nenda ukapime.

FEFO zinanitia kichefuchefu, niache?
Usiache. Meza baada ya chakula cha usiku unapoenda kulala, kwa maji, si kwa chai wala maziwa. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Ukitapika kila siku, rudi kliniki na kadi yako ubadilishiwe utaratibu, usizifungie kabatini.