Mita sita, kutoka wapi?

Miaka michache iliyopita niliandika maelezo ya mradi mdogo wa maji: "Tangi liwe na urefu wa mita 6." Nilimaanisha kitako cha tangi kikae mita sita juu ya ardhi, ili maji yapate msukumo wa kufika nyumba za upande wa juu. Fundi alisoma kilichoandikwa. Tangi lenyewe lina mita mbili, akajenga mnara wa mita nne, jumla sita. Hesabu yake haikuwa na kosa hata kidogo. Siku ya kufungulia maji, nyumba za chini zilijaza ndoo. Za juu bomba lilikoroma tu.

Mimi ni mpima ardhi. Tangu siku ile nayaangalia maneno ya vipimo kwa makini yaleyale ninayoangalia vipimo vyenyewe.

Neno "urefu" tumelibebesha mzigo mzito. Barabara ndefu, mti mrefu, shimo refu, usiku mrefu. Katika mazungumzo halina shida, kwa sababu kitu kiko mbele ya macho. Kwenye karatasi hakionekani. Mafundi wamejitafutia dawa zamani: husema "urefu wa kwenda juu" na "urefu wa kwenda chini", na ukuta huuhesabu kwa kozi, yaani safu, za tofali. Ukiambiwa "tuko kozi ya tisa kutoka kwenye jamvi", yaani zege la sakafu, umeshaelewa ukuta umefika wapi na umeanzia wapi.

Shuleni tulifundishwa neno bora zaidi, tukaliacha palepale darasani: kimo. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Kimo huanzia miguuni pa kitu chenyewe na kuishia kichwani pake. Kimo chako ni kilekile ukiwa ufukweni Tanga au juu Lushoto. Natamani michoro ya nyumba zetu iandike "kimo cha ukuta", "kimo cha mlango", na "urefu" ubaki kwa kitu kilicholala.

Mwinuko ni habari nyingine, maana unahusu mahali. Chukua Kilimanjaro. Sote tunasema una urefu wa mita 5,895, lakini hakuna anayeanza kuupanda akiwa amesimama baharini. Tambarare zinazouzunguka tayari ziko juu. Kutoka hapo mlima unasimama kama mita 4,900. Hicho ndicho kimo chake. Mita 5,895 ni mwinuko wa kilele kutoka usawa wa bahari.

Na bahari ipi? Mtu wa pwani atakuuliza hivyo mara moja, kwa sababu yeye ameiona ikipwa na kujaa kila siku, na wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita tatu. Ndiyo maana hutumika wastani. Tanzania Bara ilipata sifuri yake Tanga, kwa vipimo vya kupwa na kujaa vya 1962 hadi 1964. Kutoka hapo wapimaji walibeba namba kwenda bara, alama hadi alama, wakitumia darubini na fito zenye mistari. Setilaiti nazo zina sifuri yake: umbo laini la dunia la kihesabu, ambalo kwenye pwani yetu linapita juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo kipimo kisichosahihishwa, ukiwa umesimama mchangani Dar es Salaam, kinaweza kukuonyesha zaidi ya mita ishirini chini ya sifuri. Vijana wengi hudhani mashine imeharibika. Mashine ni nzima, ila inahesabu kutoka kwingine.

"Mwinuko" lina utata wake pia: mtabiri wa hali ya hewa akitaja maeneo ya miinuko anazungumzia nchi iliyo juu, lakini mhandisi akisema barabara ina mwinuko mkali anazungumzia mpando. Madereva hawahangaiki, kwao kila mpando ni mlima. Mlima Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, unaupanda kona kwa kona huku injini inalia, na ukimaliza hukuti mteremko wa upande wa pili. Umefika tu uwanda wa juu. Kwa dereva aliyebeba mzigo, neno "mlima" limesema yote anayohitaji.

Kwenye mafuriko mwili ndio rula: maji ya magotini, ya kiunoni, ya kifuani. Sioni kipimo kinachomwonya mtu vizuri kuliko hicho.

Tuliporudi kwenye tangi lile, fundi alikuja na mpira wa maji, ule mwembamba unaopitisha mwanga, ambao maji yake hutulia usawa mmoja kwenye ncha zote mbili. Mwisho mmoja aliushika kijana wake kando ya kisima, mwingine aliuegemeza yeye kwenye mguu wa mnara. Tulisubiri maji yaache kucheza, mapovu yatoke. Yalipotulia akachora mstari wa penseli nyekundu kwenye zege, akanigeukia: "Sasa tuhesabu kutoka hapa, sivyo?"

Karatasi ya pili niliandika hivi: "Kitako cha tangi kiwe mita 6 juu ya alama nyekundu iliyo kwenye mguu wa mnara, upande wa kisima."