Umeandikiwa talaka. Umepita barazani?

Karatasi huwa imechanwa katikati ya daftari la shule, imekunjwa mara nne na kuchomekwa ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto. Kalamu ya bluu, mistari michache: mimi fulani bin fulani nimemwacha mke wangu fulani binti fulani talaka moja, leo tarehe kadhaa. Chini kuna sahihi na majina ya mashahidi wawili. Mwenye nayo amepanda meli ya asubuhi kutoka Nansio, amefika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Mwanza akiwa na mtoto mgongoni, na swali lake ni moja: "Hii naipeleka wapi nipate haki yangu?"

Jibu huwa halimfurahishi. Kwa dini inawezekana ameshaachika na eda, muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, inahesabika. Kwa serikali bado ni mke wa mtu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inawahusu Waislamu, Wakristo, waliofunga bomani na waliooana kimila. Kwa sheria hiyo mwenye kuvunja ndoa ni mahakama peke yake, kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Zanzibar wanayo Mahakama ya Kadhi. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu, nako kadhi ni hakimu anayetambuliwa na Katiba ya Kenya. Kwa hiyo shangazi wa Kisumu akipiga simu na kusema "nenda tu kwa kadhi mambo yaishe", hakosei, anasema ya kwao. Kwetu Bara kadhi ni kiongozi wa dini: anasuluhisha, anafafanua fikihi, anaeleza mambo ya eda na mahari. Kugawa nyumba ya Buswelu au kutoa amri ya malezi ya mtoto hakumo mikononi mwake.

Kabla ya mahakama lipo Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kifungu cha 101 kinasema hakuna kufungua shauri la talaka mpaka mgogoro upelekwe kwanza barazani na baraza lithibitishe kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Waislamu wengi huenda mabaraza ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), wengine baraza la kata wanakoishi. Wapo wanaonung'unika kwamba huu ni urasimu wa serikali. Mimi huwakumbusha Surat An-Nisaa, aya ya 35, inayoagiza mwamuzi mmoja atoke kwa jamaa za mume na mmoja kwa jamaa za mke pale panapohofiwa mfarakano. Kukaa kikao kabla ya kuachana hatukuanza kufundishwa mwaka 1971.

Usuluhishi ukishindikana baraza hutoa hati, ambayo mahakamani wamezoea kuiita Fomu Namba 3. Itunze kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa. Shauri lifunguliwe kabla hiyo hati haijatimiza miezi sita tangu itolewe, la sivyo unarudi kuanza upya. Na barua ya mwenyekiti inayosema tu "hawa wamenishinda, naomba muwasaidie" si hati. Nimeona watu wanahangaika na shauri miaka miwili, wanafika kwenye rufaa, mwenendo mzima unafutwa kwa sababu ya karatasi hiyo moja.

Hapa ndipo wanaume wengi wanapokosea mpangilio. Kifungu cha 107(3) kimewapa Waislamu njia nyepesi: ikithibitika kwamba ndoa ilifungwa Kiislamu, baraza limeshindwa kusuluhisha, na baada ya hapo mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itaona ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika na kutoa amri ya talaka. Soma tena hayo maneno "baada ya hapo". Baraza, kisha talaka, kisha mahakama. Talaka iliyoandikwa usiku wa ugomvi, kabla ya baraza, haikufungulii njia hiyo. Vivyo hivyo kwa mke anayejivua kwa khului na kurudisha mahari: apite barazani kwanza.

Je, mume akikataa katakata kutoa talaka? Mke habaki ananing'inia. Anaweza kuiomba mahakama ivunje ndoa kwa ushahidi wa ukatili, kutelekezwa, uzinzi na mengineyo yanayoonyesha kwamba ndoa imekufa. Ujumbe wa simu, hata ule wa matusi, usiufute. Jambo moja la kuangalia: ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili inahitaji kibali cha mahakama kabla ya kufungua shauri la talaka, na kibali hutolewa pale tu panapokuwa na mateso yasiyo ya kawaida.

Kuna nyakati baraza linarukwa. Mwenza ametoweka na hajulikani alipo. Ameitwa barazani akakaidi kwa makusudi. Amefungwa miaka mitano au zaidi. Au yuko nje ya nchi na hatarajiwi kuingia Tanzania ndani ya miezi sita ijayo, na hili la mwisho linatuleta kwa wageni.

Kanda hii ina wageni wengi kuliko tunavyodhani: migodi ya dhahabu ya Geita, viwanda vya minofu ya samaki, hospitali, mashirika. Chukulia fundi mitambo wa kigeni aliyesilimu, akaoa Kirumba mbele ya shehe, akazaa watoto wawili. Mkataba wake wa kazi unakwisha na ndoa inayumba. Anaweza kuomba talaka hapa? Ndiyo, kama makazi yake ya kudumu kisheria ni Tanzania, au amekaa nchini angalau mwaka mmoja mfululizo kabla ya kufungua shauri. Hahitaji kurudi kwao. Mkewe naye, kama bwana ameshaondoka na harudi, hahitaji kumsubiri barazani. Aieleze mahakama alipo, na mahakama itaelekeza namna ya kumfikishia wito.

Wengine huja na hukumu ya talaka ya nchi nyingine wakidhani imemaliza kila kitu. Mahakama zetu huitambua hukumu ya nje kama, kwa mfano, mmoja wa wanandoa alikuwa mkazi wa kawaida wa nchi hiyo kwa miaka miwili kabla ya kufungua shauri huko. Aliyekwenda likizo ya wiki tatu akarudi na hukumu ajiandae kwa maswali.

Nyumba ndiyo huumiza vichwa. Raia wa kigeni hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo kiwanja cha Nyegezi huandikwa jina la mke. Jina hilo halifuti mchango wa mume, ila atarajie fedha za mgao wake, asitarajie hati. Na mchango hauhesabiwi kwa noti tu. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Waislamu wawili, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wanaoitaja kesi hiyo kwa furaha husahau mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa sababu mahakama iliona alikuwa amepewa fedha za miradi ya familia akazitapanya. Weka stakabadhi zako.

Kuhusu watoto, naomba babu na bibi nao wanisikilize, maana ugomvi mwingi wa malezi huanzia kwao. "Nilitoa ng'ombe, watoto ni wa kwetu." Mila huzingatiwa, ila haiko mbele. Kinachotangulia, kwa Sheria ya Ndoa na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Mtoto aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii wataona kwamba hawako mbali na wanachokijua: hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto, huanza kwa mama, na mtoto akifikia umri wa kupambanua, wa miaka saba hivi, huulizwa. Hakimu naye humsikiliza mtoto mwenye umri wa kujieleza, na mara nyingi humwita afisa ustawi wa jamii wa halmashauri afike nyumbani, aangalie mtoto analala wapi, anasoma wapi, nani anampikia. Afisa huyo akibisha hodi mpokeeni vizuri. Taarifa yake ina uzito kuliko kelele za ukumbini.

Kukosa malezi si kukosa mtoto. Asiyeishi naye hupangiwa siku za kumwona, na baba hubaki na wajibu wa matunzo hata kama mtoto yuko kwa mama. Amri inaweza kurekebishwa hali ikibadilika.

Mwenye hofu kwamba mwenzake atapanda ndege na mtoto asingoje talaka iishe. Mahakama inaweza kuzuia mtoto asitolewe nchini shauri likiwa linaendelea, lakini zuio huombwa, haliji lenyewe. Omba mtoto akiwa bado Mwanza. Akishavuka mpaka utakuwa unapiga hodi kwenye mahakama ya nchi nyingine, kwa sheria na gharama za huko. Na mgeni anayeishi nchini kwa kibali kinachomtegemea mwenza aulize Uhamiaji mapema kuhusu hali yake baada ya talaka. Wengi hukumbuka hilo kibali kikiwa kimebakiza siku chache.

Msaada wa kisheria hutolewa bure kwa asiye na uwezo, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo hadi ngazi ya kata. Ukija, leta cheti cha ndoa kama kipo (ndoa haifi kwa kukosa cheti, ila itabidi ulete mashahidi), vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hiyo karatasi ya daftari.

Yule mama wa Nansio tulimrudisha barazani. Mume aliitwa mara ya kwanza hakuja. Mara ya pili alikuja, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akakaa, akasema: "Mbona huyu nilishamwacha?" Mwenyekiti akavuta fomu, akamwuliza jina kamili.