Kwa Nini Vitu vya Kale Haviozi Kinamasini

Mbao, ngozi au kamba ikifukiwa katika shamba la kawaida la Nakuru au Kisumu huliwa upesi na mchwa, kuvu na bakteria, na ndiyo maana historia ya kale ya eneo letu tunaisoma zaidi kwenye mawe na vigae vya vyungu. Kinamasini mambo ni tofauti, kwa kuwa maji yaliyotuama huizuia hewa, na bakteria wengi wanaoozesha hushindwa kufanya kazi pasipo oksijeni. Mimea inayokufa hurundikana ikawa piti, yaani udongo mweusi uliojaa mabaki ya majani na mizizi.

Katika nchi za baridi za Ulaya kaskazini, piti hujengwa hasa na mimea midogo ya sifagnamu, ambayo huyatia maji asidi na kutoa kemikali zinazowadhoofisha bakteria na kuidabaghi ngozi. Mwaka 1950 wachimbaji wa piti karibu na Silkeborg, Denmark, walikuta mwili wa mwanamume mwenye kitanzi cha ngozi shingoni, uso wake ukiwa mzima kiasi cha kuwafanya wawaite polisi wakidhani ameuawa karibuni, kumbe amelala humo kwa zaidi ya miaka 2,300. Asidi hiyo hiyo, hata hivyo, huyayeyusha madini ya mifupa, na huiharibu kitani ilhali sufu hubaki. Kwa hiyo kisichoonekana kinamasini si lazima kiwe hakikuwapo.

Vinamasi vyetu vya mafunjo, kama Yala, vina joto, wala si busara kutarajia humo miili ya namna hiyo. Chavua, yaani unga wa maua, ndiyo hudumu, na ile ya vinamasi vya Milima ya Cherangani imewawezesha watafiti kufuatilia mabadiliko ya misitu kwa maelfu ya miaka. (Nakuru kazi ya kuhifadhi ilifanywa na moto: katika pango la Mto Njoro, lililochimbwa mwaka 1938, vibuyu na chombo cha mbao vilisalia kwa sababu viligeuka makaa maiti zilipochomwa, yapata miaka 3,000 iliyopita.)

Hatari kubwa huanza kitu kinapotolewa. Mbao iliyokaa majini karne nyingi hushikiliwa umbo na maji yenyewe, na ikianikwa juani hunywea na kupasuka, isiweze kurudishwa. Anayechimba mtaro akikuta chombo cha aina hiyo, akiache pale pale. Kama kimekwisha kutoka, asikisugue, bali akifunike kwa matope na maji ya kinamasi hicho hicho, aandike mahali na kina alipokikuta, kisha awaarifu Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku 7, kama sheria ya urithi ya mwaka 2006 inavyoagiza.