Bwawa la kijani kibichi si lazima liwe na neema

Wafugaji wengi wa sato huamini kuwa maji yakizidi ukijani, samaki hushiba zaidi. Basi samadi humwagwa tu. Ukijani wa kiasi ni chakula kweli. Ukizidi, shida huja usiku: mwani, yaani vimea vidogo vinavyoyapa maji ukijani, ambao mchana hutoa oksijeni, gizani huitumia pamoja na samaki, na alfajiri unawakuta juu ya maji wakitweta. (Hapo ndipo jirani husingiziwa sumu.)

Kupima ukijani, zamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni kabla ya hapo, acha samadi, punguza chakula, badilisha sehemu ya maji. Kuua mwani wote kwa dawa ni kosa jingine: ukioza humaliza oksijeni, na fosforasi yake hubaki bwawani kulisha mwani mpya.