Maana ya tishu, na kwa nini kila moja ina kalenda yake ya kupona

Ukiingia duka lolote hapa Dodoma ukaomba tishu, utapewa karatasi laini ya kufutia. Ndiyo maana kila nikiliandika neno hilo ubaoni, darasa hucheka kwanza. Nawaacha wacheke, kwa sababu tishu ya dukani na tishu ya mwili ninayoifundisha kweli ni ndugu: majina yote mawili yanatokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kilichofumwa, yaani kitambaa. Aliyelipa neno hilo nguvu katika elimu ya mwili ni daktari Mfaransa, Xavier Bichat. Mwaka 1801 alieleza aina 21 za tishu bila kutumia hadubini. Alipasua maiti, akachemsha vipande, akavikausha, akaviloweka kwenye asidi, akagundua kwamba viungo vingi vya mwili vimefumwa kwa vitambaa vichache vinavyojirudia. Mwaka uliofuata alifariki, akiwa na miaka 30 tu.

Baadaye hadubini ilizikusanya aina zake katika makundi manne makuu: tishu epithelia, tishu unganishi, tishu za misuli na tishu za neva. Maana yenyewe ni hii: tishu ni kundi la seli zinazofanana, pamoja na vitu vilivyo katikati yake, zinazoshirikiana katika kazi moja. Seli hujenga tishu, tishu mbalimbali hujenga ogani kama moyo au figo, na ogani hujenga mifumo. Wanafunzi wengi hukariri habari ya seli na kuiruka hiyo ya "vitu vilivyo katikati yake". Wanakosea, maana mfupa na damu hutofautiana sana kwa hicho cha katikati: kwa mmoja ni kigumu kama jiwe, kwa mwingine ni maji.

Na ukisikia hospitalini kwamba wamekata kinyama wakakipeleka kupima, hicho kinyama ni tishu. Kinalowekwa kwenye dawa kisioze, kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa kuwa utando mwembamba kuliko unywele, kisha kinatiwa rangi kwa sababu chenyewe karibu hakina rangi. Kazi yote hiyo inataka siku. Majibu yakichelewa, si lazima kuna jambo baya linafichwa.

Sasa nije kwa mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenifanya niandike haya. Ni dereva wa bodaboda. Mwaka jana aliteleza kwenye kokoto za barabara ya vumbi, pikipiki ikamlalia mguu wa kushoto. Ngozi ya ugoko ilichunika, mfupa ukavunjika, gegedu ndani ya goti likachanika, na mshipa wa fahamu unaopita kando ya goti kwa nje ukabanwa, hata akashindwa kuinua unyayo. Baada ya wiki tatu aliniuliza, "Mjomba, mbona ngozi imeshapona lakini mguu bado?" Alikuwa amelala kitandani, hogo la plasta kuanzia pajani, na swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa darasani.

Ngozi iliwahi kwa sababu tabaka lake la juu ni tishu epithelia, na kazi ya tishu hii ni kufunika. Seli zake zimebanana bega kwa bega bila nafasi, juu ya utando mwembamba unaozishikilia. Hazina mishipa ya damu ndani yake, hulishwa kutoka chini. Kwa kuwa ziko mpakani, zinasuguliwa kila siku, basi zimezoea kuzaliana. Tabaka la juu la ngozi hujibadilisha lote kwa muda unaokaribia mwezi mmoja, na utando wa ndani wa utumbo kwa siku tatu hadi tano tu. Mpwa wangu alipochunika, seli za pembezoni mwa kidonda na zile zilizobaki kwenye mashina ya vinyweleo zilianza kutambaa kuelekea katikati. Nilikuwa naliona hilo kila nesi alipobadilisha bandeji: ukingo wa rangi ya waridi ukisogea ndani kidogo kidogo.

Umbo la tishu hii hufuata kazi. Kwenye vifuko vya hewa vya mapafu ni safu moja ya seli bapa, nyembamba kabisa, ili oksijeni ipite. Kwenye ngozi ni tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa kwenye sinia. Kwenye koo la hewa seli zake zina vinyweleo vidogo mno vinavyopiga kasia pamoja, vikisukuma makamasi na uchafu kwenda juu. Anayeishi hapa anajua vumbi la mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza. Ule ute wenye rangi ya udongo unaoutema jioni ni kazi ya vinyweleo hivyo. Moshi wa sigara huvilemaza, na kwa mvutaji wa miaka mingi mwili huanza kuweka pale seli bapa ngumu zisizo na vinyweleo. Zinastahimili moshi, lakini hazifagii kitu.

Tishu unganishi ndiyo pana kuliko zote, na watu huielewa vibaya kwa sababu vitu vyake havifanani hata kidogo: mafuta, kano, gegedu, mfupa, damu. Kinachoziweka pamoja ni kwamba seli zake zimetawanyika, na katikati yake kuna kitu kingi ambacho, isipokuwa kwenye damu, karibu chote kimetengenezwa na seli zenyewe. Mara nyingi ndani ya kitu hicho kuna nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Ukitaka kuiona, nunua supu ya makongoro, ibakishe kwenye bakuli usiku kucha. Asubuhi utaikuta imeganda, inatetemeka ukiigusa. Hiyo ni kolajeni ya kano na ngozi ya mguu wa ng'ombe iliyolainishwa na moto.

Kila aliyekuja kumwona mgonjwa alileta makongoro, kwa imani kwamba mfupa utaunga haraka. Sikumkataza. Lakini kolajeni ya bakuli haiendi moja kwa moja mguuni. Tumbo huivunjavunja kama protini ya maharage au mayai, kisha mwili hujijengea yake. Mimi nilimletea na ubuyu, ambao kwetu haununuliwi kwa bei kubwa. Ubuyu una vitamini C, na bila vitamini hiyo nyuzi za kolajeni hazishikani. Ndiyo sababu mwenye kiseyeye hutokwa damu kwenye fizi, na vidonda vyake haviponi.

Mfupa ni kolajeni iliyojazwa madini ya kalisi na fosifeti. Darasani huwa tunaloweka mfupa wa paja la kuku kwenye siki kwa siku kadhaa. Siki inatoa madini, na mfupa unabaki na umbo lile lile ila unapinda kama mpira. Ukiuchoma motoni hutokea kinyume: nyuzi zinaungua, yanabaki madini yanayovunjika ukiyaminya. Mfupa una damu nyingi, kwa hiyo unapona vizuri. Kwanza damu inaganda penye ufa, halafu linajengwa daraja laini lenye gegedu ndani yake, kisha daraja hilo linakuwa mfupa na kuchongwa taratibu hadi umbo lake la zamani. Ugoko wa mtu mzima huchukua miezi mitatu, minne au zaidi. Wa mpwa wangu ulichukua minne na nusu.

Gegedu ndilo lililonipa shida kulieleza. Tazama kichwa cha mfupa wa ng'ombe buchani, kile kifuniko cheupe kinachoteleza na kung'aa kama kioo: hilo ni gegedu. Ni tishu unganishi kama mfupa, lakini karibu halina mishipa ya damu kabisa. Hula kwa kunyonya majimaji ya kiungo pale unapokanyaga na kuachia. Kwa hiyo likichanika hurekebika kwa shida, mara nyingi halirudi lilivyokuwa. Kano nazo zina damu kidogo, ndiyo maana kuteguka kunaweza kusumbua muda mrefu.

Na damu je? Ni tishu unganishi pia, ila kilicho katikati ya seli zake ni maji. Seli nyekundu huishi kama siku 120, na kiwanda chake ni uloto ulio ndani ya mifupa. Kwa mtoto mwenye selimundu, ni kiwanda hicho kinachotoa seli zinazojipinda. Hospitali ya Benjamin Mkapa, papa hapa Dodoma, imewapandikiza uloto watoto wa namna hiyo. Wanachobadilishiwa hapo ni tishu, si ogani.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu kovu. Jeraha likiwa kubwa au likirudiarudia, tishu unganishi huvamia mahali pa tishu nyingine na kujaza kolajeni. Kwenye ugoko kovu halina neno. Mahali pengine linaleta msiba. Watu wa Kongwa, wilaya ya mkoa wetu huu, wanaujua ugonjwa wa vikope, ambao umefanyiwa utafiti huko kwa miaka mingi. Bakteria wake husambazwa na mikono, vitambaa na nzi, hasa penye shida ya maji ya kunawa uso. Mtoto akiambukizwa tena na tena, utando wa ndani ya kope hujaa makovu, makovu yanajivuta, kope inageukia ndani, na baada ya miaka nywele zake zinakwaruza kioo cha jicho hadi mtu anapofuka. Upofu wote huo unaanza na tishu moja kukaa mahali pa nyingine.

Misuli nitaipitia haraka. Kuna ya mifupa, yenye mistari na inayotii amri yako. Kuna laini, ya utumbo, mfuko wa uzazi na kuta za mishipa ya damu, isiyongoja amri. Na kuna ya moyo, yenye mistari lakini isiyotii, inayopiga kama mara 100,000 kwa siku. Msuli wa mfupa una seli za akiba za kurekebisha nyuzi zilizochanika. Wa moyo karibu hauna uwezo huo, ukifa sehemu yake hubaki kovu. Hogo lilipotolewa, kigimbi cha mpwa wangu kilikuwa kimenywea kama cha mtoto. Alishtuka kuliko alivyoshtuka siku ya ajali. Kwa mazoezi kilirudi.

Ikabaki tishu ya neva, yaani ya mshipa wa fahamu. Seli zake hubeba habari kwa umeme, na baadhi zina mkia unaotoka mgongoni hadi mguuni, karibu mita nzima, zikilindwa na kulishwa na seli wasaidizi. Uti wa mgongo ukikatika, mikia iliyo ndani yake haioti tena. Mguuni inaweza kuota, iwapo ala yake, yaani mfuko unaoifunika, haikukatika, kwa mwendo wa karibu milimita moja kwa siku. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitufundisha kugonga kwa kidole kuanzia gotini kushuka. Pale ncha mpya ya neva ilipofika, mpwa wangu alisikia kama umeme mdogo ukikimbilia mguuni. Tukaweka alama ya kalamu. Mwezi uliofuata alama ilikuwa imeshuka upana wa vidole viwili.

Mwezi wa sita tangu ajali, unyayo ulianza kuinuka. Mwezi wa kumi na moja alinipigia simu usiku, hakuamkia wala kusalimu. "Mjomba," akasema, "kidole gumba kimecheza."