Yasemwayo kuhusu siliaki, na yaliyo kweli

Hapa Kampala ukisema huli chapati, mwenyeji wako huumia kana kwamba umekataa salamu yake. Ninaishi na ugonjwa wa siliaki, unaonikataza vyakula vya ngano, na haya ndiyo ninayoambiwa karibu kila wiki.

"Onja kipande tu, halafu umeze mkaa usafishe tumbo."
Wanaonishauri hivi wananipenda, lakini ushauri wenyewe unaumiza. Gluteni si sumu wala kijidudu. Ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mwembamba na kuviharibu vinyweleo vinavyofyonza chakula. Shambulio likishaanza ni maji yaliyomwagika: mkaa hausaidii, wala kujitapisha. Mimi nikila kwa bahati mbaya, tumbo hujaa gesi baada ya saa chache, naharisha, kisha uchovu hunikalia siku kadhaa. Hapo nakunywa maji, ORS (maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) nikiharisha sana, uji mwepesi wa mchele, matoke ya kuchemsha, na napumzika. Maziwa nayaacha kwanza, kwa sababu utumbo uliojeruhiwa hushindwa na sukari yake. Damu ikionekana chooni, au hata maji yakikataa kukaa tumboni, nenda hospitali.

"Hii haina ngano, ni mayai matupu."
Kijana wa rolex, yaani mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, pale stejini alinionyesha mayai, nyanya na kitunguu, kwa moyo safi kabisa. Lakini kikaango kilikuwa kilekile cha chapati, na unga umeganda ukingoni. Makombo yanatosha kudhuru, na moto hauiui gluteni. Sasa naenda na kikaango changu, naye hunipikia kwa furaha.

"Basi hata kalo huli?"
Nala! Kalo ni ugali wa wimbi. Wimbi, mtama, mahindi, mihogo, mchele: vyote havina gluteni. Ila uliza mashine ya kusagia imetoka kusaga nini.

"Huo ni ugonjwa wa Wazungu."
Utafiti uliotolewa 1999 ulikuta karibu watoto 6 katika kila 100 wa Sahara Magharibi wanao, na hao ni Waafrika wenzetu. Huku kwetu ni rahisi mtu kutibiwa vidonda vya tumbo au minyoo miaka na miaka, huku upungufu wake wa damu hauishi.

"Acha ngano kwanza, upime baadaye."
Tafadhali usiache. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazotengenezwa ukiwa bado unakula gluteni. Ukiacha mapema, majibu yanaweza kusema huna.

"Hostia haiwezi kumdhuru mtu."
Hostia, mkate mwembamba wa komunyo, ni ngano. Kanisa Katoliki huruhusu hostia yenye gluteni kidogo sana, au kupokea divai peke yake. Nilimweleza padri wetu sakristiani kabla ya misa. Akaniwekea kikombe cha pembeni, kwa sababu katika kile kikubwa hutumbukizwa kipande cha hostia.